"Bidhaa ikishauzwa hairudi" na mengine tunayojidanganya wauzaji wa mtandaoni

Maneno hayo yameandikwa kwenye kurasa nyingi za viatu na mikoba huko Instagram. Hata mimi niliyaweka miaka minne, kwa herufi kubwa, nikaona nimejikinga. Kisha dada mmoja wa Mbeya akanitumia picha ya pochi iliyobanduka siku ya pili, pamoja na skrinishoti ya tangazo langu mwenyewe: "ngozi halisi". Sikuwa na la kujibu.

Ukweli ni kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo Tanzania Bara iliirithi kutoka sheria ya Waingereza ya 1893, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Na sisi wa mtandaoni tunauza nini kingine zaidi ya maelezo? Mteja hajashika, hajanusa, hajajaribu. Kaambiwa tu. Maneno ya "hairudi" hayafuti neno "ngozi" uliloliandika kwa mkono wako.

Sheria hiyohiyo ina jambo ambalo wengi hatulijui: mnunuzi anayekataa mzigo kwa haki, kama hamkukubaliana vinginevyo, halazimiki kuurudisha yeye. Inatosha akuarifu kwamba ameukataa. Kwa hiyo ule wimbo wetu wa "nauli ya kurudisha ni juu yako" hauna mashiko pale kosa linapokuwa letu. Pochi ile ilirudi kwa basi kutoka Mbeya na nauli nililipa mimi.

"Anayelalamika ni tapeli"

Matapeli wapo, nitawafikia. Ila nilipokaa na daftari nikaandika kila mzozo ulioanzia wapi, mwingi ulianzia kwangu, kabla mteja hajalipa hata shilingi. Hasa kwenye namba za viatu.

Namba ya Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7. Namba ya Kiingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Mizani mbili zenye hatua tofauti haziwezi kulingana kila mahali, ndiyo maana jedwali moja linakwambia 40 ya Ulaya ni sita na nusu ya Kiingereza, jingine linasema saba. Zaidi ya hapo, namba ya Ulaya haipimi mguu, inapima kalibu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu kilishonewa juu yake, na kalibu huwa ndefu kuliko mguu. Halafu kuna viwanda ambavyo hugonga namba kadiri vipendavyo. Mteja akikwambia "mimi navaa 40", hajakudanganya, amekutajia namba ya kiatu kingine.

Siku hizi siulizi namba. Namwambia: "Kanyaga karatasi jioni mguu ukiwa umetanuka, chora alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, nipe sentimita." Nami napima ndani ya kiatu kwa rula na kumpigia picha rula ikiwa humohumo. Rangi nayo ina kisa chake: picha niliyopewa na msambazaji wa China siitumii tena. Napiga yangu mlangoni asubuhi, si chini ya taa nyeupe ya dukani inayogeuza maruni kuwa nyekundu.

Sasa matapeli. Yule anayenunua kipya akakurudishia chake cha zamani kinachofanana, dawa yake ni alama ndogo ya kalamu chini ya soli ya ndani na video fupi wakati wa kufunga mzigo. Mzigo urudi kwanza, ukaguliwe, ndipo pesa itoke. Anayekutumia ujumbe wa malipo akakuharakisha kwa sababu "boda anasubiri", usiusome ujumbe, angalia salio. Meseji huandikwa na yeyote. Na hata pesa ikiingia, hifadhi mazungumzo na risiti ya usafirishaji, kwa maana kuna wanaopokea mzigo kisha wakaomba mtandao wa simu urudishe muamala wakidai walikosea namba.

"Aliyeharibu ni bodaboda, mimi simo"

Hapa muuzaji ana nusu ya haki. Kisheria, kumkabidhi mchukuzi kwa ajili ya kumpelekea mnunuzi huhesabiwa kwa kawaida kama kumkabidhi mnunuzi mwenyewe, lakini ni wajibu wako kupanga usafirishaji huo kwa uangalifu unaofaa. Glasi uliyoifunga kwa mfuko wa rambo huwezi kumsingizia dereva. Swali ninalojiuliza ni moja tu: nani alimwita boda? Kama ni boda wangu, hasara naibeba bila kelele. Mteja akisisitiza kumtuma wake, namwandikia kabla mzigo haujatoka kwamba kuanzia mlangoni ni juu yake, nasubiri ajibu "sawa".

"Mteja ni mfalme"

Msemo huu umenifanya nirudishe pesa ya gauni lililorudi na harufu ya ubani na jasho, limetoka harusini. Mteja ana haki, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inampa mnunuzi wa mtandaoni hata nafasi ya kughairi ndani ya muda maalumu. Kughairi ni kitu kimoja, kuazima nguo kwa sherehe ni kingine. Siku hizi nafunga lebo mahali panapoonekana na kusema wazi: ikikatwa, nguo imevaliwa.

"Atanikoma, nitamwanika"

Hasira ikipanda, jibu langu ni hili na halibadiliki: "Pole dada. Naomba picha tatu: mzigo mzima, sehemu yenye tatizo, na lebo. Nitakujibu leo kabla ya saa kumi na mbili jioni." Simpigii simu wala sitoi voisi. Sauti ya mtu aliyekasirika husambazwa haraka, na maandishi hukupa nafasi ya kufuta kabla ya kutuma.

Kuweka picha na namba ya mteja kwenye stetasi ukiandika "TAPELI" kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ikitumika, na ina tume yake. Namba aliyokupa ni ya kupelekewa mzigo.

Niliwahi kumwanika mmoja, aliyekuwa akidai hajapokea viatu wakati risiti ya basi ninayo. Stetasi ilikaa saa tatu. Mzigo ulikuwa bado kwenye ofisi ya basi, haujachukuliwa na mtu, na jina juu ya boksi lilikosewa kwa mwandiko wangu.