Gelbrot ya Goethe: njano iliyokolezwa

Nafundisha nadharia ya rangi, na kila mwaka nakutana na wanafunzi wanaodhani Gelbrot ni jina la Kijerumani la rangi ya chungwa, basi. Kwa Johann Wolfgang von Goethe, mwandishi wa Kijerumani aliyetoa Zur Farbenlehre, kitabu chake cha nadharia ya rangi, mwaka 1810, ni zaidi ya hapo. Kwake hakuna rangi iliyotulia. Njano ukiikoleza hupanda hadi Rotgelb, yaani njano yenye wekundu, kisha Gelbrot, ambayo sasa ni nyekundu yenye unjano ndani yake.

Usiniamini kwa maneno. Jaza glasi maji, zima taa za chumba, weka balbu inayowaka nyuma ya glasi. Tia maziwa tone moja, koroga, tazama balbu kupitia maji hayo: inageuka njano. Endelea tone kwa tone, polepole, na njano itakolea mpaka ielekee wekundu. Ukitazama glasi kwa ubavu, maji yana ubuluu hafifu. Mawimbi mafupi ya mwanga hutawanywa na chembe za maziwa, marefu hupenya. Ndiyo maana jua linapozama huwa la njano hadi jekundu. Goethe alimpinga Newton, mwanafizikia aliyesema mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote, na fizikia haikumfuata Goethe. Lakini alichokiona kwa macho yake kipo, na mtu yeyote anaweza kukiona.

Aliandika pia jinsi rangi inavyotugusa. Rotgelb huchangamsha, Gelbrot hupandisha hisia hiyo hadi isivumilike. Ukikodolea macho ukuta mzima wa rangi hiyo, alisema, ni kama inalichimba jicho. Wachoraji, chukueni onyo hili kwa uzito: Gelbrot kidogo huwasha picha nzima, ikizidi huimeza. Alidai vilevile kwamba kitambaa cha rangi hiyo huwakasirisha wanyama. Hapo sikubaliani naye, kwa sababu fahali hutofautisha wekundu kwa shida; kinachomchokoza ni kitambaa kupepea.

Watoto, anasema, wakiachiwa rangi hutumia zinoba na menige, pigimenti mbili za wekundu huo, bila kubania. Zinoba ni muungano wa zebaki na salfa. Menige ndiyo inayonivutia zaidi: ni oksidi ya risasi, na hutengenezwa kwa kuchoma oksidi ya njano ya risasi hewani, kwenye joto la nyuzi 450 za Selsiasi hivi, mpaka unga ugeuke mwekundu wa chungwa. Zamani ilipakwa kwenye vyuma kuzuia kutu. Ni sumu, kwa hiyo darasani natumia pigimenti za kisasa zisizo na risasi.