Je, wajua kwa nini habari za Lamu huvuma kwenye simu kabla ya kufika redioni?

Boti ikizama usiku karibu na Kizingitini, kisiwani Pate, kufikia alfajiri Amu nzima (ndio mji wa Lamu) ishasikiliza ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: nani kaokolewa, nani hajaonekana, nahodha ni mwana wa nani. Redioni habari hiyo, ikisomwa, itasomwa mchana kwa sentensi mbili, nayo itaanza, "Akithibitisha kisa hicho, kamanda wa polisi..."

Wengi husema ni dharau ya Nairobi. Dharau ipo, sikatai, ila kubwa zaidi ni jinsi kazi yenyewe inavyoendeshwa. Gazeti likikosea hushtakiwa kwa kuharibia mtu jina, basi mhariri haridhiki na neno la mvuvi peke yake, anataka la afisa, na afisa huenda asishike simu hadi saa tano. Halafu kuna pesa. Waandishi wengi wa mashinani hawana mshahara. Hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Safari ya Faza au Kiunga ni nauli na mafuta ya boti, na habari ikikataliwa hasara ni ya aliyesafiri. Kwa hivyo huandika inayouzika. Tangu wageni walipotekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011, na hasa baada ya shambulio la Mpeketoni Juni 2014, kinachouzika kutoka Lamu ni bunduki. Mpeketoni iko bara, lakini vichwa vya habari vilisema Lamu, na hoteli za kisiwani zikakosa wageni.

Njia hii ya pembeni haikuletwa na simu. Miaka ya 1970 redio ya Kenya ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, nayo ya serikali. Kinyang'anyiro cha ubunge kilipopamba moto Amu, pande mbili zilirushiana mashairi kwa Kiamu, lahaja ya Kiswahili cha Lamu. Yalirekodiwa kwenye kaseti, kaseti zikanakiliwa na kupita nyumba hadi nyumba. Huyu akitoa lake, yule anajibu. Ndiyo mashairi ya Kimwondo, ambayo baadaye wasomi wa vyuo vikuu waliyaandikia vitabu. Hayakupitia kwa mhariri yeyote, na ladha yake yote imo humo: kejeli ambazo redio ya serikali isingethubutu kuzisoma.

Hata hivyo kaseti haimfikii waziri. Wakaazi waliopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi walikuwa na mikutano yao na jumbe zao, lakini walihitaji pia kamera za Nairobi. Leseni ya mradi huo ilifutwa na baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira Juni 2019, sababu mojawapo ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo.

Na mwandishi naye yumo kwenye magrupu yale yale. Husikia ya mvuvi humo, akampigia afisa, na habari ikatoka na jina la afisa. Mvuvi aliyeanza kusema amegeuka "mkaazi ambaye hakutaka jina lake litajwe". Hapo ndipo watu hukasirika, na wana haki. Ila siku picha ya zamani inapozungushwa kwenye simu kwamba kijiji fulani kimevamiwa, wale wale walioilaani redio huiwasha na kuongeza sauti, wakimsubiri kamanda athibitishe.