Kuvuka Mipaka ya Amerika ya Kati kwa Basi la Kawaida: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kutoka mpaka wa Meksiko hadi Jiji la Panama, msafiri anaweza kupita Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika bila kupanda ndege hata mara moja, akitumia mabasi yaleyale yanayowabeba wachuuzi, wanafunzi na vibarua wa huko. Unafuu wa njia hiyo si wa kubuni. Tatizo ni kwamba maelezo mengi yanayosambaa kuihusu yametolewa na watu wenye pasipoti za Ulaya na Marekani, na mengine ni uvumi ambao kila msafiri humpokeza mwenzake bila kuuchunguza. Mswahili akiyafuata yalivyo, anaweza kuokoa nauli ya dola chache na kisha kurudishwa kwenye dirisha la uhamiaji, jambo ambalo litamgharimu mara nyingi zaidi ya alichookoa.

Dhana: ukishakata tiketi, basi hilohilo litakuvusha hadi nchi ya pili

Mabasi yanayovuka yapo, lakini ni ya kampuni za kimataifa kama Ticabus, na nauli yake ni mara kadhaa ya ile ya basi la kawaida. Basi la kawaida huishia upande wake wa mpaka. Abiria hushuka na mizigo yake, hugongewa muhuri wa kutoka, hutembea kwa miguu hadi ofisi ya nchi ya pili, hugongewa muhuri wa kuingia, kisha hutafuta basi jingine linaloanzia hapo. Unafuu wote unatokana na kuigawa safari namna hiyo.

Mfano mzuri ni Peñas Blancas, mpaka wa Nikaragua na Kosta Rika. Kutoka Managua, mabasi ya kuelekea kusini huanzia kwenye soko la Roberto Huembes na kupita Rivas, na kutoka Rivas hadi mpakani ni mwendo usiofika saa moja. Mengi ya mabasi hayo yalikuwa ya shule huko Marekani. Yalipozeeka yaliuzwa, yakaendeshwa kuteremka hadi Amerika ya Kati, yakapakwa rangi upya na kuwekewa keria juu ya paa, ila viti vimebaki vilevile vya watoto, na kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wawili au watatu sasa hukaliwa na watu wazima watatu na kikapu. Konda hupanda juu ya paa kupanga mizigo, hushuka kwa ngazi ya nyuma basi likiwa limeshaanza kuondoka, kisha hupenya katikati ya abiria akidai nauli. Aliyewahi kupanda daladala saa za jioni hatahitaji kufundishwa namna ya kukaa humo. Huko mpakani, malori hupanga foleni ndefu kandokando ya barabara, na anayetembea kwa miguu huyapita yote hadi kwenye lango.

Ugumu wa njia hii ni muda, wala si umbali. Mipaka kadhaa hufungwa usiku, na hata ile inayokesha haikusaidii kitu ikiwa basi la upande wa pili limeshaondoka, kwa sababu mabasi ya kawaida hupungua sana jua linapotua. Anayefika mpakani alasiri kwa kawaida huishia kwenye teksi au nyumba ya wageni ya hapohapo, na unafuu wote umekwisha. Ni vyema kuondoka alfajiri. Vilevile, madereva wa teksi wanaosubiri kwenye vituo kama Rivas hupenda kumwambia mgeni kwamba hakuna basi tena siku hiyo. Jibu la kuaminika zaidi hutoka kwa mama mwenye mzigo wa biashara anayesubiri pembeni, maana naye anakwenda hukohuko. Si kila mpaka unaotembeleka, hata hivyo: kati ya La Mesilla ya Guatemala na ofisi ya uhamiaji ya Meksiko iliyoko Ciudad Cuauhtémoc kuna kilomita 4 hivi, na watu hupanda teksi za kuchangia.

Dhana: nchi nne za kaskazini zimeungana, kwa hiyo humo ndani hakuna mpaka

Guatemala, El Salvador, Honduras na Nikaragua zilitia saini mkataba wa CA-4 mwaka 2006, na maelezo mengi huufananisha na eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao. Ulinganisho huo unapotosha. Ofisi za uhamiaji zingalipo kwenye mipaka yote ya nchi hizo, pasipoti hukaguliwa, na mizigo inaweza kufunguliwa. Kinachounganishwa hasa ni siku za mtalii: siku anazopewa anapoingia nchi ya kwanza, ambazo kwa kawaida ni 90, huhesabiwa kwa nchi zote nne kwa pamoja. Kwa hiyo yule anayetoka Guatemala kwenda kulala usiku mmoja Copán Ruinas, upande wa Honduras, akitumaini kurudi na siku 90 mpya, hapati kitu. Anapaswa kutoka nje ya eneo zima, yaani kwenda Meksiko, Belize au Kosta Rika. Kwa sababu ya mkataba huohuo, pasipoti wakati mwingine haigongwi muhuri kila mahali, na hilo lisimtie mtu hofu, mradi amepita dirishani na kuandikwa.

Dhana: pasipoti yoyote inatosha, mengine utayamaliza dirishani

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole, kwa sababu ndipo wenzetu wanapoumia. Kwa mtalii wa Kijerumani, sentensi ya kwamba viza haihitajiki ni ya kweli. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, inaweza kuwa si kweli kabisa, na viza inapohitajika hushughulikiwa ubalozini kabla ya safari, wala si pale ambapo basi limekushusha. Baadhi ya nchi za eneo hili, zikiwamo Kosta Rika na Panama, humpokea mtu mwenye viza halali ya Marekani bila kumdai viza yao wenyewe, lakini kwa masharti: aina ya viza, idadi ya safari zinazoruhusiwa, na kwa Panama, iwe imeshatumika angalau mara moja. Mswahili anayeishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini aulize kwa kutaja pasipoti yake na kibali chake cha ukaazi kwa pamoja, tena apate jibu la maandishi na kulichapisha, kwa kuwa ofisa wa mpaka mdogo huenda hajawahi kushughulikia pasipoti kama hiyo.

Kuna sababu ya ukali anaokutana nao Mwafrika kwenye madirisha hayo. Kwa miaka mingi, watu kutoka Kongo, Kameruni na kwingineko walikuwa wakipita nchi hizi wakielekea Marekani, na mwaka 2023 peke yake zaidi ya watu 500,000 wa mataifa mbalimbali walivuka msitu wa Darién kutoka Kolombia kuingia Panama. Mwaka huohuo, El Salvador ilianza kuwatoza abiria wa ndege kutoka nchi 57, nyingi zikiwa za Afrika, pamoja na India, ada ya dola 1,000 na kodi juu yake, hata kwa wanaobadilisha ndege tu. Ada hiyo iliwekwa kwa uwanja wa ndege, lakini inaonyesha jinsi pasipoti zetu zinavyotazamwa. Si haki kumhesabu msafiri halali kuwa mtuhumiwa kwa rangi ya jalada la pasipoti yake, na kujua hali hiyo mapema ndiyo kinga pekee iliyo mikononi mwake.

Karatasi nyingine zinazosahaulika ni tatu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudaiwa kwa anayetoka kwenye nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla, na tangu mwaka 2016 cheti hicho kinatambulika kwa maisha yote ya mwenye nacho. Pili ni uthibitisho wa fedha: Panama huweza kukutaka uonyeshe dola 500, na Kosta Rika dola 100 kwa kila mwezi utakaokaa. Tatu ni tiketi ya kutoka nchini, ambayo nchi hizo mbili huiulizia hata kwa aliyekuja kwa basi. Tiketi ya basi hukubalika mara nyingi, kwa hiyo hakuna haja ya kununua ya ndege. Honduras nayo ina fomu ya awali ya kujaza kwenye intaneti, na Nikaragua imekuwa ikitaka maombi ya kuingia yatumwe siku kadhaa kabla.

Dhana: kila senti unayotozwa mpakani ni rushwa

Hapana. Anayeingia Nikaragua hulipa dola 10 za kadi ya utalii pamoja na dola chache za huduma, na hudaiwa pia dola moja ya halmashauri. Honduras hutoza dola 3 hivi. Kosta Rika haitozi kuingia, ila hutoza kodi ya kutoka kwa barabara, ndiyo maana Peñas Blancas humgharimu zaidi anayekwenda kaskazini kuliko anayekwenda kusini. Malipo halali yana stakabadhi. Ofisa akikudai noti mbili tatu bila karatasi, omba stakabadhi kwa upole na usubiri. Mara nyingi dai hilo hufa hapohapo.

Beba dola za noti ndogo zisizochanika. El Salvador inatumia dola tangu mwaka 2001 na Panama huitumia pia, lakini Guatemala ina kwetzali, Honduras lempira, Nikaragua kordoba na Kosta Rika koloni. Wabadilisha fedha wenye mabunda ya noti hukuzunguka mara tu unaposhuka. Si wote matapeli, ila badilisha kiasi cha nauli na chakula tu, hesabu mwenyewe, na usiwape noti zako kabla ya kuzipokea zao.

Dhana: basi la kawaida ni kujitafutia kifo

Hatari ipo na isifichwe. Katika Jiji la Guatemala na miji mikubwa ya Honduras, magenge yamekuwa yakiwatoza kwa nguvu madereva wa mabasi ya mjini, na madereva wengi wameuawa kwa kushindwa kulipa. Wanaoishi na mzigo huo kila siku ni madereva, makonda na abiria wa vitongoji, na wanastahili kutajwa kabla ya mtalii. Lakini hatari hiyo imejikusanya kwenye njia za ndani ya miji hiyo na saa za usiku. Basi la mchana kutoka mji wa Chiquimula, Guatemala, kwenda El Florido kwenye mpaka wa Honduras, au kutoka Paso Canoas, mpaka wa Kosta Rika na Panama, kwenda mji wa David upande wa Panama, ni jambo jingine kabisa. Anayepanga safari ili abadilishie mabasi kwenye miji midogo, kukiwa bado kweupe, na pasipoti ikiwa mwilini badala ya kwenye begi lililo juu ya paa, ameshaiepuka sehemu kubwa ya hatari.

Dhana: ukifika Panama, basi linaendelea hadi Kolombia

Haliendelei. Ukivuka Paso Canoas, sogeza saa yako mbele kwa saa moja, kwa kuwa saa za Panama haziko sawa na za Kosta Rika, na wengi wamekosa basi la mwisho kwa sababu hiyo. Kutoka David kuna mabasi hadi kituo cha Albrook katika Jiji la Panama. Baada ya hapo barabara inakwenda hadi mji mdogo wa Yaviza na kukatika, na kati yake na Kolombia kuna kilomita zipatazo 100 za msitu na mabwawa zisizo na barabara. Anayetaka kufika Amerika ya Kusini atenge fedha za ndege au chombo cha baharini tangu anapopanga safari, na tiketi hiyo hiyo ndiyo atakayomwonyesha ofisa wa Panama anapoulizwa atatokaje nchini.