Urithi wa pamoja: maana yake kwa mfano wa Xi'an na Waislamu wake

Urithi wa pamoja ni kitu kilichotengenezwa na jamii mbili kiasi kwamba ukiondoa mchango wa mmoja, hakibaki kile kile. Wengi hukosea hapa: wakiona msikiti ndani ya mji mkuu wa zamani, basi huita urithi wa pamoja. Ujirani peke yake hautoshi.

Xi'an, China, ni mfano mzuri. Enzi za Tang (618–907) mji huu uliitwa Chang'an. Ulikuwa makao ya wafalme, na wafanyabiashara wa Kiajemi na Kiarabu walifika kwa misafara. Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, wanaishi hadi leo karibu na Mnara wa Ngoma, na humo ndimo ulimo Msikiti Mkuu.

Ukiingia, angalia kwanza mwelekeo. Majumba ya kifalme na mahekalu ya Kichina kwa kawaida hupangwa kaskazini–kusini, mlango mkuu ukitazama kusini. Lakini kutoka Xi'an, Makka iko upande wa magharibi, kwa hiyo mafundi waliugeuza mpangilio mzima. Unaingia kwa mashariki, unapita ua baada ya ua, unafika kwenye ukumbi wa swala ukiwa tayari umeelekea kibla. Eneo lote lina urefu wa mita 250 hivi, na upana hata mita 50 haufiki. Malango ya mbao, mapaa yaliyopinda ncha na vigae vya buluu ni ufundi wa mji. Mwelekeo ni amri ya dini. Kuba hulioni. Badala ya mnara mrefu wa adhana kuna jengo la pembe nane lenye mapaa matatu. Ndani ya ukumbi, aya za Qurani zimechongwa kwenye mbao za ukutani.

Jihadhari na tarehe. Jiwe moja la msikitini linataja mwaka 742 kuwa ndio wa kujengwa msikiti, lakini wanahistoria wengi wanaona liliandikwa baadaye sana. Majengo yaliyopo asili yake ni enzi ya Ming (1368–1644), kuanzia 1392 hivi, na yamekarabatiwa mara nyingi. Anayesema mbao hizo ni za Tang anakosea kwa zaidi ya miaka 480.

Elimu nayo ina sura hiyo hiyo. Hu Dengzhou (1522–1597), mwanachuoni wa mkoa huo wa Shaanxi, ndiye anayetajwa kuanzisha mfumo wa madrasa za misikitini ambako vitabu vya Kiarabu na Kiajemi vilifafanuliwa kwa Kichina. Wahui walikuwa wakiandika Kichina chao kwa herufi za Kiarabu. Aliyewahi kuona tenzi zetu za kale za Lamu au Pate katika hati hiyo ataelewa mara moja.

Na dola nayo iliwahitaji. Jiwe la 1523 katika msikiti mwingine wa Xi'an linaeleza kwamba mwaka 1413 Zheng He, amiri wa meli za dola, mwenyewe mzaliwa wa familia ya Kiislamu, alikuja kumchukua imamu Hasan awe mkalimani wake safarini. Miaka michache baadaye meli za Zheng He zilifika Malindi.

Halafu kuna upande unaosahaulika sana: mji nao umepokea kutoka kwa Wahui. Chakula kinachojulikana zaidi Xi'an ni paomo, mkate wa ngano ndani ya mchuzi wa kondoo. Mkate huokwa mgumu makusudi, na mlaji mwenyewe huumega kwa vidole, vipande vidogo kama punje za soya, kisha bakuli hurudishwa jikoni mpishi avichemshe kwenye mchuzi. Vikiwa vikubwa, mchuzi haupenyi na katikati hubaki pakavu. Vikisagika, bakuli zima huwa uji. Wakazi wasio Waislamu humega mkate huo kwa umakini ule ule, na ukiwauliza watakuambia ni chakula chao.