Je, wajua kwa nini mifupa mingi hupinda miguu ya mtoto wa mbwa mkubwa?

Mtu anayenunua mtoto wa German Shepherd au wa Boerboel ili aje kulinda nyumba yake Nyali, Bamburi au Shanzu, huku Mombasa, hupewa ushauri siku ileile anayomleta: mpe nyama mbichi, na mifupa usimbanie, kwa kuwa mbwa atakayekuwa mkubwa anahitaji mifupa mingi ili ajenge mifupa yake. Ushauri huo una mantiki inayoridhisha, na labda ndiyo sababu umedumu. Lakini kwa mbwa wa mbegu kubwa mambo huenda kinyume. Kalsiamu, madini yaliyojaa kwenye mifupa hiyo, ikizidi katika miezi ya mwanzo, mifupa haiwi imara zaidi, bali hukua vibaya, na miguu ya mbele huweza kupinda. Cha ajabu zaidi ni kwamba mbwa wa mbegu ndogo, wakilishwa kalsiamu nyingi vilevile, hukua bila kasoro hiyo.

Kumlisha mbwa nyama mbichi, mifupa mibichi na viungo vya ndani si jambo jipya. Lililo jipya ni kulifanya mfumo wenye jina na wafuasi, kazi iliyoanzwa na Ian Billinghurst, daktari wa mifugo wa Australia, mwaka 1993. Baadaye ilienea kanuni ya sehemu 80 za nyama, 10 za mifupa na 10 za viungo vya ndani. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, ila haisemi mifupa ni ya mnyama gani wala mlaji ana umri gani, na hayo mawili ndiyo yenye uzito hapa.

Wapo wanaojua kwamba mbwa wakubwa hupata maradhi ya mifupa wakiwa wachanga, lakini lawama wameielekeza kwingine. Husema kwamba nyama ina nguvu mno, kwamba protini nyingi humkuza mbwa haraka hadi mifupa ishindwe kuubeba mwili, na kwa hiyo mbwa mchanga apewe ugali mwingi na nyama ya kuonjeshwa tu. Imani hii ina historia inayofuatilika. Mwaka 1974 Åke Hedhammar na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watoto wa Great Dane, mbwa wa mbegu kubwa sana, waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilikula chakula chenye virutubisho vingi kadiri lilivyotaka, na jingine lilipewa kiasi kilichopunguzwa. Waliokula bila kipimo walipata kasoro nyingi za mifupa. Chakula chenyewe, hata hivyo, kilikuwa na kila kitu kwa wingi, yaani nguvu, protini, kalsiamu na fosforasi kwa pamoja, na kwa hiyo jaribio lilithibitisha kwamba kuzidisha kunadhuru bila kuonyesha ni kipi kati ya hivyo kilichodhuru. Wengi walichagua kuilaumu protini, pengine kwa sababu ndiyo inayogharimu fedha nyingi zaidi.

Waliovitenganisha vitu hivyo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, akiwemo Herman Hazewinkel. Katika miaka ya 1980 waliwalisha watoto wa Great Dane vyakula vilivyofanana kwa karibu kila kitu isipokuwa kalsiamu, ambayo ilikuwa asilimia 1.1 ya chakula kikavu kwa baadhi yao na asilimia 3.3 kwa wengine. Waliopewa asilimia 3.3 ndio waliopata mifupa iliyokua vibaya. Kisha mwaka 1991 ikachapishwa kazi iliyobadilisha protini peke yake, kutoka asilimia 15 hivi hadi karibu 32, na safari hii tofauti ya protini haikuleta tofauti ya maradhi ya mifupa. Kumnyima mtoto wa mbwa nyama na kumjaza ugali, kwa hiyo, ni kumwadhibu kwa kosa la kalsiamu. Watafiti wa Utrecht waliwalisha pia Poodle wa mbegu ndogo kalsiamu nyingi kwa kiwango kilekile, nao wakakua sawasawa. Majaribio haya yalitumia mbwa wachache, kwa hiyo hayafai kusomwa kana kwamba yameainisha hatari ya kila mbegu; yanachoonyesha wazi ni upande ambao hatari inatokea.

Sababu iko kwenye utumbo. Mbwa mzima ana namna ya kujizuia: tezi ndogo zilizoko shingoni hupima kalsiamu ya damu wakati wote, na kwa msaada wa vitamini D huuagiza utumbo ufyonze zaidi ikipungua au ufyonze kidogo ikitosha, na inayobaki hutoka na kinyesi. Kwa mtoto wa mbwa, hasa kabla ya miezi 6 hivi, utaratibu huo umekomaa upande mmoja tu. Akipewa kalsiamu kidogo anaweza kuongeza ufyonzaji. Asichoweza ni kuupunguza ipasavyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kalsiamu hujipenyeza ukutani mwa utumbo bila kusubiri agizo lolote. Karibu nusu ya aliyokula huingia mwilini, iwe inahitajika au haihitajiki.

Mkazi wa Mombasa, aliyezoea maji ya mfereji kuja kwa zamu, analijua vizuri boya la tangi, lile linaloelea juu ya maji na kuifunga njia ya bomba tangi linapojaa. Mbwa mzima ni tangi lenye boya. Mtoto wa mbwa ni tangi lililounganishwa na bomba kabla fundi hajafunga boya: siku ambazo maji ni haba hakuna anayegundua upungufu huo, kwa kuwa bomba lote liko wazi na kila tone linapokelewa, lakini maji yakija kwa nguvu usiku kucha hakuna kinachoyazuia. Tofauti ni kwamba tangi likifurika, maji humwagika ukutani na kila mtu akayaona. Mwili hauwezi kuiacha kalsiamu ifurike kwenye damu, kwani moyo na misuli vingevurugika, hivyo huisukuma ziada mahali pekee penye nafasi, yaani ndani ya mifupa, na kuizuia mifupa isiirudishe. Kipimo cha damu cha mtoto wa mbwa wa namna hii huweza kuonekana cha kawaida kabisa huku mifupa ikiharibika.

Kuizuia mifupa isirudishe kalsiamu ndiko kunakoleta balaa. Mfupa unaokua haujengwi tu, hubomolewa pia, kwa kuwa mfupa wa paja wa mtoto hauwezi kufikia umbo la utu uzima kwa kuongezewa tabaka za nje peke yake. Sharti seli maalumu ziumegue upande huu huku nyingine zikijenga upande ule. Homoni inayopanda kalsiamu inapozidi huzituliza seli hizo zinazobomoa. Karibu na ncha za mfupa, gegedu, yaani tishu laini ambayo ilipaswa kugeuka mfupa kwa wakati wake huchelewa, ikazidi unene, na kwa kuwa hutegemea chakula kinachopenya polepole kutoka pembeni, sehemu yake ya ndani hukosa lishe na kufa. Begani, gegedu hiyo huweza kupasuka na kipande chake kubanduka ndani ya kiungo. Chini ya kiwiko kuna mifupa miwili inayokua sambamba. Mmoja ukichelewa na mwingine ukaendelea, ule unaoendelea hulazimika kupinda, na mwenye mbwa akaona viganja vya mbele vimetazama nje. Kwa Great Dane, hata tundu la pingili za shingo linalopitisha uti wa mgongo huweza kukosa kupanuka, na mbwa akawa anayumba miguu ya nyuma.

Kwa nini Poodle mdogo anaokoka? Maelezo ya kawaida ni kasi. Great Dane huzaliwa akiwa na zaidi kidogo ya nusu kilo, na baada ya mwaka mmoja na nusu huweza kuvuka kilo 50, ongezeko la karibu mara 100, kwa hiyo kosa la wiki chache kwenye mfupa wake hubebeshwa uzito mkubwa kabla halijapata nafasi ya kurekebishwa. Maelezo haya yanaelekea kuwa ya kweli, ingawa Poodle na Great Dane hutofautiana kwa mengi zaidi ya kasi.

Isidhaniwe basi kwamba dawa ni kuiondoa mifupa yote. Shirika la AAFCO la Marekani, ambalo huweka viwango vya vyakula vya wanyama, linataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na angalau gramu 3 za kalsiamu kwa kila kilokalori 1000, na kwa mbwa wanaotarajiwa kufika kilo 32 au zaidi kisizidi gramu 4.5. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta kiasi hutoa takriban kilokalori 1000, lakini kalsiamu yake haifiki hata gramu 0.1. Mtoto wa mbwa anayelishwa steki tupu hulazimika kuikopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, na mifupa hiyo ikawa myepesi kiasi cha kuvunjika anaporuka kutoka barazani.

Wengi hutatua tatizo hilo kwa maganda ya mayai yaliyosagwa. Ganda moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, kwa hiyo mawili yanaelekea kutosha kwa ile nusu kilo, ila ganda halina fosforasi ya maana. Nyama hiyo ina karibu gramu 1 tu ya fosforasi, ilhali kiwango ni gramu 2.5, na kalsiamu huwa imefika mara 4 ya fosforasi wakati haipaswi kuzidi mara 2. Mfupa hubeba vyote viwili. Kijiko kimoja cha mezani cha unga wa mifupa uliopikwa kwa mvuke, gramu 15 hivi, huleta kama gramu 3.5 za kalsiamu na karibu gramu 1.8 za fosforasi, na kwa upande huo hesabu inatimia. Mfuko wa agroveti usioandikwa asilimia zake haufai kukisiwa, na zinki, shaba, iodini na vitamini E bado zinahitaji hesabu yake, kazi ambayo daktari wa mifugo huifanya vizuri kuliko jirani. Kijiko hichohicho kikimiminwa juu ya chakula cha pakiti cha watoto wa mbwa, ambacho tayari kimekamilika, ni ziada tupu.

Wala jua la Pwani halisaidii. Kumwotesha mtoto wa mbwa jua la asubuhi ili apate vitamini D ni jambo linaloeleweka kwa watu, lakini ngozi ya mbwa hutengeneza vitamini hiyo kwa kiasi kidogo mno, na sharti aipate kwenye ini, samaki au kiini cha yai.

Kwenye bucha za Marikiti, mfupa wa mbwa ni chochote kilichobaki baada ya nyama kuondoka, na mwenye bucha hukipasua kwa shoka na kukitia mfukoni bila kupima. Goti la ng'ombe na shingo ya kuku si kitu kimoja. Goti hulambwa na kutafunwa mchana kutwa, likaingia tumboni kidogo tu. Shingo ya kuku humezwa yote, mfupa na nyama, na chache zikitosha kumfikisha mtoto wa mbwa kwenye kiwango chake, zinazofuata humzidisha. Dalili huonekana uani: kinyesi cheupe, kikavu, kinachovunjika ukikigusa kwa ncha ya fimbo, maana yake mifupa imezidi. Mifupa iliyopikwa bila kusagwa isitumike kabisa, kwani hukatika vipande vyenye ncha kali.

Joto la Mombasa lina masharti yake pia. Nyama mbichi iliyoachwa kwenye bakuli langoni tangu alfajiri huwa imeharibika kabla ya adhuhuri, na mbwa anaweza kubeba bakteria ya salmonela na kuitoa kwenye kinyesi bila yeye mwenyewe kuugua, huku watoto wakicheza uani humo. Kinachosahaulika zaidi ni mapafu na maini. Mifugo kutoka maeneo ya wafugaji huweza kuwa na malengelenge yenye maji ndani ya viungo hivyo, ambayo ni hatua moja ya mnyoo wa ekinokoka. Mbwa akiyala mabichi, mnyoo hukomaa tumboni mwake na mayai yake humwambukiza binadamu. Turkana imejulikana kwa miongo mingi kwa wingi wa ugonjwa huo. Viungo vya ndani visivyokaguliwa machinjioni vipikwe, hata na mfuasi mwaminifu wa vyakula vibichi.

Mtoto aliyeletwa akiwa na wiki 8 aachwe kwanza kwenye chakula alichokizoea kwa siku kadhaa, kisha abadilishwe polepole kwa wiki moja au zaidi, akila mara 3 au 4 kwa siku. Awe mwembamba kuliko wageni wanavyotaka kumwona. Mbavu zishikike kwa vidole bila kubonyeza. Watafiti wa kampuni ya Purina waliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote, nusu yao wakila asilimia 25 pungufu ya wenzao, na mwaka 2002 wakaripoti kwamba waliopunguziwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, huku nyonga zao zikiwa na hali bora. Kwa mbegu kubwa, gegedu za ukuaji hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18 hivi, na baada ya hapo shingo za kuku zikizidi, kwa kawaida mbwa hufunga choo tu.