Mwanaume mtafutaji hakuanza na mababu: namna uanaume ulivyotengenezwa Ugogo

Kila ninapoanza kufundisha sosholojia ya jinsia hapa Dodoma, pingamizi la kwanza kutoka kwa wanafunzi huwa lilelile: kwamba jinsia ni mambo ya Beijing, yaani mambo yaliyoletwa na ule mkutano wa wanawake wa mwaka 1995 ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella, na kwamba sisi tulikuwa na mila zetu ambazo zilishaamua zamani kuwa mwanaume ndiye mtafutaji na mwanamke ndiye mlezi. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu inatoka kwa vijana wanaojali walikotoka. Lakini nimekuja kuamini kwamba inakosea katika jambo la msingi, kwani huyo mwanaume anayetetewa kwa jina la mila, yule anayepimwa kwa fedha anayoingia nayo nyumbani jioni, hana umri mkubwa katika nchi hii ya kati, na historia yake inaweza kufuatiliwa karibu hatua kwa hatua.

Kwa ufupi, wataalamu hutenganisha jinsi, ambayo ni maumbile ya kike au ya kiume, na jinsia, ambayo ni kazi, haki, mwenendo na matarajio ambayo jamii huyajenga juu ya maumbile hayo. Kama uanaume ungetoka katika mwili peke yake, tungetarajia uwe wa namna moja kila mahali, nao hauko hivyo hata katika safari ya siku moja kwa basi. Wagogo, wenyeji wa Ugogo, yaani nchi hii ya Dodoma, huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Majirani zao wa mashariki, Wakaguru, wameuhesabu kwa upande wa mama, kiasi kwamba mjomba alikuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake ambayo baba mzazi angeweza kuikosa. Wanaume hawa wawili wana miili ileile, wanalima mtama uleule na wanapakana mashamba, lakini swali la nini kinamfanya mmoja wao awe mtu mzima mwenye mamlaka lina majibu tofauti.

Ndani ya Ugogo kwenyewe pia upo ushahidi ambao wengi tunaupita bila kuutazama. Katika makabila mengi ya Tanzania ngoma hupigwa na wanaume, na wanawake huimba na kucheza. Kwenye muheme, ngoma ya Wagogo, mambo ni kinyume: wapigaji ni wanawake, ngoma wameibana katikati ya mapaja, na ndio wanaoongoza mdundo, huku zeze, ala ya nyuzi, na ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, vikiwa kwa kawaida mikononi mwa wanaume. Nguvu ya mikono na mabega ambayo mahali pengine ingetajwa kuwa sababu ya kumpa mwanaume ngoma, hapa haikutajwa kabisa.

Lipo na jambo zito zaidi. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi miongoni mwa Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika juu ya matambiko yaliyofanywa pale hali ya nchi ilipoharibika, kwa mfano ng'ombe walipoingiliwa na maradhi. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao, wakachunga ng'ombe na kujivika ule ukali unaotarajiwa kwa wanaume, nao wanaume wakakaa kando. Mantiki yake ilikuwa kwamba wajibu wa kuitunza rutuba ya nchi kwa njia ya ibada ulikuwa wa wanaume, na wakishindwa, wanawake wanaushika mpaka ule uchafu wa kiibada ulioiharibu nchi utolewe. Sisemi kwamba tambiko hilo lilileta usawa, kwa sababu baada ya siku chache kila mmoja alirudi mahali pake. Linaonyesha tu kwamba wazee wa Ugogo walijua vizuri kuwa uanaume ni nafasi yenye majukumu, na kwamba mtu mwingine anaweza kuingia katika nafasi hiyo pale aliyepewa anapoishindwa.

Wapo wanaosema kuwa matambiko na ngoma ni juu juu, na kwamba mwenye neno la mwisho ni homoni. Homoni zipo, wala sina sababu ya kuzikana. Nawaomba wenye hoja hiyo wazingatie utafiti uliofanyika hapa hapa nchini, kaskazini yetu kidogo, katika eneo la Ziwa Eyasi, na kuchapishwa mwaka 2009 na Martin Muller na wenzake. Walipima testosteroni, ile inayoitwa homoni ya kiume, ya wanaume wa jamii mbili zinazoishi jirani. Wahadzabe huwinda, hurina asali na kuchimba mizizi, na baba wa Kihadzabe hulala karibu na watoto wake, huwabeba na kucheza nao. Wadatoga ni wafugaji, na kwao malezi ya mtoto mchanga ni shughuli ya wanawake, wakati wanaume mara nyingi hula na hata kulala mbali na wake zao na watoto. Kwa Wahadzabe, wanaume waliokuwa na watoto wadogo walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana.

Naurudia utafiti huu darasani kila mwaka kwa sababu unaigeuza kabisa njia tuliyozoea kuifuata. Tumezoea kudhani kwamba mwili hutangulia na desturi hufuata nyuma ikiuhalalisha. Hapa desturi ya malezi, ambayo mtoto hurithi kwa kukua katika jamii fulani, inaelekea kuufikia mwili na kuubadilisha. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, na kuna mambo mengine yanayotofautisha jamii hizo mbili. Hata hivyo, baba anayembeba mwanawe mgongoni Eyasi hajapungukiwa uanaume. Mwili wake umeitikia kazi ambayo jamii yake imempa.

Sasa nirudi kwa mtafutaji. Ugogo ni nchi kame, yenye msimu mmoja wa mvua na wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na maisha ya zamani yalipangwa kwa kuogopa njaa. Katika tembe moja, yaani nyumba ya Kigogo ya paa bapa la udongo, lenye wake kadhaa, kila mke alikuwa na shamba lake na ghala lake la uwele na mtama, na chakula cha kila siku kilitoka humo. Ng'ombe walikuwa chini ya mamlaka ya mwanaume, na kazi yao kubwa ilikuwa akiba: walibadilishwa kwa nafaka mwaka wa njaa, walitolewa mahari, na wengine waliwekwa kwa marafiki na jamaa wa mbali ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usiwamalize wote. Kwa hiyo mwanaume aliyeheshimiwa alikuwa yule mwenye mahusiano mengi, mwenye ng'ombe kwa watu na ng'ombe wa watu kwake. Hata kuoa hakukuwa ushindi wa mtu mmoja, kwani mahari ilichangwa na ndugu wa upande wa baba pamoja na ndugu wa upande wa mama. Hakuna aliyetarajia kijana wa miaka 22 aingie mjini peke yake na kurudi na mahari yote mfukoni.

Mpangilio huo ulivunjwa na mambo yanayojulikana, na kila moja lilikuwa na tarehe yake. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba, na kodi ililazimisha watu kutafuta fedha mahali ambapo fedha haikuwa njia kuu ya kupata mahitaji. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikarahisisha kupeleka wanaume kwenye kazi za mbali. Vita ya Kwanza ya Dunia ilileta majeshi ya pande mbili yaliyochukua nafaka, mifugo na wapagazi, na baada yake ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1918 na 1920, iliyowapokonya wanaume wengi wale ng'ombe ambao ndio waliokuwa msingi wa heshima yao. Mwaka 1922 Waingereza wakaongeza kodi ya kichwa iliyomlenga mwanaume mtu mzima. Kisha, kati ya 1947 na 1951, ukaja mradi wa karanga wa Kongwa, ambao kama mradi wa kilimo ulishindwa vibaya, lakini kama darasa la jinsia ulifaulu: wanaume waliandikishwa, wakafundishwa kuendesha matrekta na kupanga foleni ya mshahara, wakati wanawake walibaki na jembe la mkono kwenye mashamba yaleyale yaliyokuwa yakiwalisha wote.

Hapo ndipo fedha ilipopata jinsia. Iliingia nyumbani ikiwa imeshikwa na mwanaume, ikaanza kuitwa kipato, na kazi ya mwanamke iliyojaza ghala ikaanza kuonekana kuwa si kazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo katika mambo mengine ilikuwa ya kijasiri kwa wakati wake, ikiwamo kutamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake hata kama mila inaruhusu, iliupa mtazamo huo muhuri. Kifungu cha 63 kinamtwisha mume wajibu wa kumpa mke makazi, mavazi na chakula, na mke mwenye uwezo anapata wajibu wa namna hiyo pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi ya mwili au ya akili. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilirekebisha upande mmoja wa jambo hili kwa kukubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Naiona hukumu hiyo kuwa miongoni mwa maandishi muhimu zaidi juu ya jinsia yaliyowahi kutolewa nchini, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi hunifikia bila kuwahi kuisikia.

Kipimo hiki kipya, cha kumpima mwanaume kwa fedha, hakijilindi chenyewe. Kinalindwa na watu kila siku, na kwa lugha kali. Kijana asiye na fedha huitwa mwanaume suruali. Anayefua nguo za mtoto au kusonga ugali mkewe akiwa hai na mzima, majirani husema amewekewa limbwata. Mtoto wa kiume akiumia huambiwa ajikaze, na anayeambiwa hivyo tangu ana miaka mitatu hujifunza mapema kuficha maumivu ambayo baadaye yatatafuta njia nyingine ya kutoka. Wanaotoa maneno haya ni wanaume na wanawake kwa pamoja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake waliohojiwa walikubali kuwa kuna angalau sababu moja inayomhalalishia mume kumpiga mke, na kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Takwimu hiyo huwashtua wanaodhani mfumo dume ni kikundi cha wanaume waliokula njama, ilhali tunazungumzia mafundisho ambayo mama, shangazi, mwalimu na kiongozi wa dini wote wameyapokea na kuyapitisha.

Madhara yake tunayaona mjini kwetu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, vijana wa Bahi, Chamwino, Kondoa na Manyoni wamekuja kusaidia mafundi, kubeba kokoto na kuendesha bodaboda, na mji wa serikali wa Mtumba umejengwa kwa mikono ya wengi wao. Kazi hizo huja na kukatika. Kijana ambaye babu yake angechangiwa ng'ombe na ukoo mzima sasa anatarajiwa aoe, apange chumba na kulisha familia kwa ujira wa siku, na ukikatika anahesabiwa kuwa amepungua utu. Mtafiti Margrethe Silberschmidt, aliyefanya kazi Kisii nchini Kenya na Dar es Salaam, alieleza kwamba wanaume walioshindwa kutimiza jukumu la kulisha nyumba mara nyingi walihamishia heshima yao kwenye idadi ya wanawake na kwenye ubabe. Ninayoyasikia katika mahojiano yangu ya Dodoma yanakubaliana naye, nami nimeacha kuyaita tabia mbaya za watu binafsi kana kwamba zimeota zenyewe.

Yapo mabadiliko yanayonipa matumaini, na mengi hayana kelele. Akina baba wanaowasindikiza wake zao kliniki ya wajawazito, jambo ambalo vituo vingi hulihimiza kwa kuwahudumia mapema waliokuja wawili, wanazoea kusikia habari za uzito wa mtoto na dalili za hatari ambazo baba zao hawakuwahi kuambiwa. Wengine huanza kwa kulazimishwa na baadaye hupenda. Hapa mahitaji ya hospitali yanafanya kazi ileile iliyofanywa na kodi ya mwaka 1898: yanampa mwanaume jukumu jipya, na baada ya muda jukumu hilo litaitwa mila.

Kuhusu sheria, msimamo wangu ni kwamba kifungu cha 63 kirekebishwe, wajibu wa kulisha nyumba ubebwe na wanandoa wote wawili kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja, bila kusubiri mume augue kwanza. Kwa namna kilivyo leo, mwanaume mzima wa afya ambaye kazi ya ujenzi imemwishia, na ambaye anabaki nyumbani na watoto wakati mkewe anauza mboga sokoni Majengo, hana nafasi yoyote ndani ya kifungu hicho isipokuwa ya mtu aliyeshindwa wajibu wake, na mkewe anayewalisha wote hatajwi.