Maji moto ya Ziwa Toya yanatoka wapi

Mwezi wa Julai, wakati kusi inapovuma Unguja na kipupwe kutulazimisha kujifunika shuka usiku, kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, huwa katikati ya majira yake ya joto, na ndipo nilipokwenda kulitazama Ziwa Toya. Niliporudi, wanafunzi wangu wa jiolojia walikuwa na suali moja: mbona sisi hatuna maji moto kama yale?

Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe. Mvua inayozama humo hutokea mapangoni na chemchemini ikiwa baridi, kwa sababu hakuna magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, iliyo karibu ya kuipasha. Hata Hamamni, hamamu iliyojengwa enzi za Sayyid Barghash, maji yake ilibidi yachemshwe.

Toya ni kaldera. Yapata miaka 110,000 iliyopita mlipuko mkubwa ulitapika magma nyingi mno, ardhi ya juu ikakosa cha kuegemea na kudidimia, kisha maji yakajaa katika bonde hilo lenye upana wa karibu kilomita 10 na kina kinachofikia takriban mita 180. Ukingoni kusini umesimama Mlima Usu, ambao tangu 1910 umelipuka mara nne, na wageni wengi, wakiwa wamejiegesha majini, hawajui kwamba hapo kabla ya mlipuko wa 1910 hapakuwa na maji moto ya kuogea. Magma ilipanda hadi karibu na ufuo, ikayapasha maji yaliyomo ardhini, na mwaka 1917 watu wakaanza kuoga.

Kati ya 1943 na 1945 shamba la ngano lilivimba kama andazi karaini hadi likawa mlima wa mita 398, Showa-shinzan. Mkuu wa posta wa hapo, Mimatsu Masao, aliuchora ukikua hatua kwa hatua, na baadaye akainunua ardhi ile. Alinunua mlima, kwa hakika. Mwaka 2000 watu zaidi ya 10,000 walihamishwa kabla ya mlipuko wa Usu na hakuna aliyekufa, lakini tope liliifukia nyumba ya kuogea ya umma, nayo imeachwa vilevile ili watu waione.

Kuhusu kuoga kwenyewe, wanaume na wanawake hutengwa, kila mtu huwa uchi, na ni lazima ukae juu ya kigoda ujisugue kwa sabuni na kujisuuza kabla ya kuligusa bwawa. Kwa anayechunga stara yake, mimi namshauri ashiyu, vibwawa vya miguu vilivyo kando ya njia, ambavyo havitozi kitu. Nilikunja suruali hadi magotini na kukaa pale jioni, upepo wa ziwa ukiwa baridi usoni, na baada ya dakika kumi miguu ilikuwa imelainika kwa joto la magma ileile iliyopanda mwaka 1910.